Risasi ya Pili

Walisema sitamaliza msimu mmoja. Mjomba wangu, ambaye alikuwa askari wa akiba pale Ngaremara kwa miaka mingi, aliyasema hayo kando ya barabara kuu, mbele ya watu, akiwa amekalia mtungi wa plastiki.

"Mtu anatoka Isiolo anaenda kwa wazungu kufundishwa bunduki," alisema. "Huyu angeniuliza mimi. Ningemfundisha bure, na angelala kwao."

Jirani yetu, mama aliyekuwa akiuza makaa hapo hapo, akaongeza kwamba baridi ya huko itanikata vidole. "Sasa utafyatua na nini, baba? Na pua?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, lakini maneno yale niliyaweka.

Leo ninaandika haya katika nyumba yangu ya mawe mjini Isiolo, nyuma ya duka langu la dawa za mifugo. Diploma yangu ya usimamizi wa wanyamapori imetundikwa juu ya mizani, mahali ambapo kila mteja ataiona, na asiyeiona huwa namwonyesha. Sikubebwa na mwanasiasa. Sina ndugu katika ofisi yoyote. Hata hivyo nisingepanda ndege bila watu watatu, na wawili kati yao ni hao hao walionicheka.

Mwalimu wangu wa chuo alikuwa amenitafutia kazi katika shamba kubwa la milimani huko Uskoti. Barua ya kazi nilikuwa nayo, nauli sikuwa nayo. Mjomba, baada ya kunicheka siku nzima, aliuza fahali wake. Mama wa makaa aliuza mbuzi wake sita. Rafiki wa marehemu baba, mzee Mwislamu anayefuga ngamia kule Sericho, aliteremka mjini na ngamia dume kijana, akamuuza sokoni, akanikabidhi pesa bila kuzihesabu mbele yangu.

Kwetu mnyama aliyeuzwa kwa ajili yako hulipwa kwa mnyama. Fahali kwa fahali, mbuzi jike kwa mbuzi jike. Hakuna anayeandika mahali. Ukishindwa hupelekwi kwa chifu wala mahakamani. Watu wanaacha tu kumuuliza mama yako habari zako. Wanamsalimia, wanamuuliza mvua, wanamuuliza mifugo, halafu wanaondoka. Nimewaona akina mama wa namna hiyo. Sikutaka wangu awe mmoja wao.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuua kulungu. Hapa Kenya kuwinda ni kosa la jinai, na ni sawa iwe hivyo. Kule, wanyama waliokuwa wakimla kulungu walikwisha zamani, na sasa yeye anamaliza miche ya msitu hadi mizizi. Kila mwaka ni lazima wapunguzwe, na nyama inauzwa. Msimamizi wetu, mzee mrefu asiyependa maneno, alinipa mwezi mmoja wa majaribio. Nikifaulu, nafanya kazi misimu mitatu. Nikishindwa, narudi nyumbani na begi langu.

Kulenga kulinijia upesi. Wiki ya kwanza nilitoboa karatasi yake ya shabaha mahali pamoja mara tatu, hata akaivua miwani akaisogelea. Wazungu wawili niliofanya nao kazi hawakuweza. Ninalisema hilo kwa sababu ni kweli.

Ndipo akanipeleka kwenye duka la risasi katika mji mdogo ulio karibu. Kibali kilikuwa chake, kwa hiyo ilibidi tuingie pamoja, lakini alisimama mlangoni akaikunja mikono.

"Mimi ni kibali tu," alisema. "Kuchagua ni kwako. Nataka nione unavyofikiri."

Kwenye kaunta mwanamke mwenye duka alinipangia pakiti nne, zote za kipimo cha bunduki yetu. Mtu asiyejua angedhani ni kitu kimoja. Tofauti iko kwenye ncha, uzito, na jinsi risasi ilivyotengenezwa. Ya kuwindia hutakiwa ifunguke ikigusa nyama, itanuke kama uyoga, mnyama aanguke pale pale. Iliyo laini hufunguka upesi. Iliyo ngumu na nzito hutengenezwa kwa mnyama mzito, ili ipenye ngozi nene na mifupa mikubwa kabla ya kufunguka. Hayo yote nilikuwa nimeyasoma chuoni, na katika somo hilo nilikuwa wa kwanza darasani.

"Unawinda nini?" mwanamke aliuliza.

"Kulungu."

"Wale wakubwa wa mlimani, au wadogo wa msituni?"

Kulungu mdogo wa msituni hamzidi mbuzi wetu kwa mwili. Nilijua tutaanza na hao. Lakini mkono wangu ulikuwa tayari juu ya pakiti ya nne, nzito kuliko zote, iliyochorwa nguruwe mwitu.

"Yoyote," nikasema. "Hii inafanya kazi ya zote."

Alimtazama msimamizi. Msimamizi akatazama barabara.

Ninajua kwa nini niliichagua, na haikuwa kwa diploma. Nilikulia kwa mjomba. Askari wa akiba hupewa risasi na kituo cha polisi, chache, kwa hesabu, na kila aliyoifyatua lazima aieleze: wapi, kwa nini, ganda lake tupu liko wapi. Wezi wa mifugo wakija kutoka upande wa Kipsing, hizo chache ndizo uhai wa kijiji. Kwa hiyo jioni, wanaume walipokuwa wakisifu risasi, waliisifu moja tu: ile iliyopita ndani ya shina la mgunga ikatokea upande wa pili na bado ina nguvu. Risasi nzuri ni ngumu. Risasi nzuri ni ile ambayo moja inatosha. Hayo niliyajua kabla sijajua kusoma, na siku ile dukani ndiyo yaliyochagua.

Njiani msimamizi alisema neno moja tu kuhusu pakiti yangu. "Ukitumia hiyo, piga mfupa wa bega. Usipige nyuma yake."

"Sawa, bwana," nikasema. Moyoni nilisema, huyu mzee hajui ninatoka wapi.

Asubuhi iliyofuata tulilala kifudifudi kwenye ukingo wa msitu, nyasi zikiwa zimelowa. Kulungu dume mdogo alitokea akasimama ubavu, hatua themanini hivi. Nilikuwa nimetulia. Niliweka alama nyuma kidogo ya bega, pale ambapo kitabu changu kilichora mapafu, nikafyatua. Mnyama alishtuka, mgongo ukajikunja, kisha akasimama pale pale akitutazama kana kwamba mtu amemwita.

"Tena," msimamizi alisema kwa sauti ya chini.

Risasi ilikuwa ndani ya bunduki. Kidole kilikuwa mahali pake. Sikufyatua.

"Tena, kijana."

Nilikuwa nimempiga, nilijua nimempiga, na ndani yangu kitu chote kilisema hiyo moja imetosha, ngoja, usiharibu nyingine. Kulungu aligeuka, akatembea polepole, akaingia msituni.

Msimamizi hakunikaripia. Alikaa kitako akatazama saa. Mbwa wake wa kufuata damu alikuwa amevunjika kucha, amebaki nyumbani, na mvua nyembamba ilikuwa imeanza. Tulipofika pale aliposimama, tulikuta tone moja la damu, dogo kama la kidole kilichochomwa sindano. Risasi ngumu ilikuwa imepita katikati ya mbavu bila kukutana na kitu cha kuifungua. Ilikuwa imeingia kama msumari na kutoka kama msumari.

"Sasa mtafute," akasema.

Nilimtafuta. Nimefuata nyayo za punda na ngamia tangu nikiwa na miaka saba, kwenye mchanga, kwenye mawe, kwenye vumbi ambalo mifugo mia imepita juu yake. Kule hakuna vumbi. Kuna majani mafupi laini kama sufu, yanayoinuka tena baada ya kukanyagwa. Nilipiga magoti. Niliona kwamba mguu wa nyuma wa kulia ulikuwa ukiburutwa kidogo, na kila mahali ulipoburutwa matone ya mvua yalikuwa yamefutika kwenye majani. Nilifuata hayo. Wenzangu kazini walisema baadaye hakuna mtu kule ambaye angeweza, na ninaamini hivyo. Lakini wakati ule sikuwa najisifu. Tulianza asubuhi, na ilikuwa imepita saa sita nilipomwona.

Alikuwa amelala kwenye majani ya porini, kichwa juu. Aliniona. Alijaribu kuinuka kwa miguu ya mbele, ya nyuma ikakataa. Alikuwa akipumua kwa sauti, kama mtoto mwenye kikohozi.

Msimamizi alitoa risasi moja mfukoni mwake, ya kwake, nyepesi, yenye ncha laini. "Hii," alisema.

Nilimpiga shingoni. Kichwa kilishuka.

Alinifanya nimpasue mwenyewe. Alitia kidole chake katika tundu la ubavu, kikaingia kwa shida, akakitoa akakipangusa kwenye nyasi.

"Risasi ya kwanza tumeielewa wote wawili," alisema. "Nieleze ya pili. Kwa nini hukupiga?"

Nilimweleza. Nilimweleza kituo cha polisi, hesabu, maganda, mjomba. Nilidhani atacheka, au atasema hiyo si sababu. Alikipangusa kidole tena, mvua ikimdondoka kwenye ukingo wa kofia.

"Mimi sitakuuliza umetumia risasi ngapi," alisema mwishowe. "Sitakuuliza kamwe. Nitakuuliza mnyama ameumia muda gani. Leo jibu ni asubuhi nzima."

"Nitarudishwa nyumbani?"

"Kesho tunarudi dukani. Baada ya hapo nitajua."

Usiku ule sikula. Nilifikiri fahali, mbuzi sita, ngamia, na mama yangu akisalimiwa.

Dukani msimamizi alisimama tena mlangoni. Mwanamke alipanga pakiti zile zile nne. Safari hii niliuliza. Niliuliza hii inafunguka kwa mwendo gani, hii imetengenezwa kwa shaba tupu au la, ile inaharibu nyama kiasi gani, na kwa mnyama wa uzito wa mbuzi yeye angempa mwanawe ipi. Nilichukua ya pili kutoka kushoto, nyepesi, laini. Kisha nikaomba pakiti mbili badala ya moja. Nilipogeuka, msimamizi alikuwa ameshafungua mlango wa gari upande wangu.

Nilimaliza mwezi, na misimu mitatu. Msimu wa mwisho, kijana mgeni alipokuja, alitumwa kwangu afundishwe kuchagua. Hakuna mnyama wangu mwingine aliyelala msituni akiteseka. Mara mbili nilipiga risasi ya pili wakati haikuhitajika, na sijutii hata moja.

Niliporudi sikupitia Nairobi kununua suti kama wengine. Nilienda moja kwa moja kwenye soko la mifugo la Isiolo, nikachagua kwa siku mbili, kisha nikawapeleka wanyama wote Ngaremara, bomani kwa mjomba. Mzee wa Sericho ndiye aliyefika kwanza, juu ya lori la mchele. "Salaam aleikum, mwanangu," alisema, akampapasa ngamia mguu hadi nundu, akasema huyu ni mkubwa kuliko wake. Nikasema najua. Mama wa makaa alipitisha mbuzi wake mmoja mmoja, akitazama chuchu, akashikilia kwamba mmoja ni mzee. Nilimbadilishia.

Mjomba alibaki wa mwisho. Alimfungua fahali mdomo, akamtazama meno.

"Huko walikuwa wanakupa risasi ngapi?" aliuliza.

"Kadiri nilivyotaka."

"Na maganda?"

"Hakuna anayeyauliza."

Akatikisa kichwa. Ndipo nikamweleza kulungu yule, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote nyumbani. Alisikiliza akiwa ameshika pembe.

"Unakumbuka ng'ombe wangu mweupe, aliyegongwa na lori hapo barabarani?" alisema. "Mgongo ulivunjika. Nilimpiga moja, haikummaliza. Ya pili ningewaambiaje kituoni? Risasi si za ng'ombe. Nilikaa naye hadi akamaliza mwenyewe. Ulikuwa shule siku hiyo."

Alitoa kisu, akashika sikio la fahali, akaniambia nivute kamba vizuri. Nikaivuta. Alikata alama ya ukoo wake, akampiga fahali kofi la mgongo, akamwongoza ndani ya boma. Kufikia saa saba mchana hakukuwa na mtu yeyote, Ngaremara wala Sericho, aliyekuwa akinidai mnyama.