Glasi ya Květa na Maswali ya Zbyněk

Katika ofisi moja ya kompyuta mjini Brno, mwenye ndara zilizochakaa kuliko zote alikuwa Květa Holoubková, na mwenye ulimi mkali kuliko wote alikuwa yeye huyo huyo. Mama wa miaka hamsini na kitu, asiyeweza kuona jambo linaendeshwa kipumbavu akanyamaza. Kila mtu na ugonjwa wake. Huo ulikuwa wake.

Waliishi kwa kompyuta kubwa zinazobeba ndani yake mamia ya kompyuta pepe, zile zisizo na mwili wala waya, na kila moja ilibidi hali yake ijulikane: imeelemewa kiasi gani, kumbukumbu imebaki kiasi gani. Kiolesura, yaani mlango wa programu wa kukusanyia takwimu hizo, alikibuni mkuu wao, Zbyněk Ošmera, enzi hizo akiwa bado na nywele. Kiliiendea kila kompyuta pepe, kikaisimamisha, kikauliza swali, kikangoja jibu, kikauliza la pili. Zilipokuwa chache hapakuwa na neno. Sasa zilikuwa utitiri, na kuhojiwa kulizichosha kuliko kazi yenyewe.

Květa akabuni njia yake: kompyuta pepe zote ziandike hali zao kwenye ukurasa mmoja wa kumbukumbu, mkusanyaji apite achungulie tu, asimsumbue mtu. Aliilea kazi hiyo mwaka mzima. Ijumaa ndiyo Zbyněk angeamua iingie kwenye toleo jipya la programu yao au itupwe, na kila alipoguswa kwa jambo hilo alijibu, "Kiolesura changu hakijawahi kusema uongo." Květa aliogopa, tena sana, ingawa angekufa kabla ya kukubali.

Ijumaa ilipofika wakaenda baa yao kama kawaida. Pale hakuna anayeagiza mara mbili. Mhudumu akiona glasi yako tupu anakuletea nyingine. Ukitosheka unaifunika kwa kile kikadi cha kuwekea glasi, naye anapita kimya. Lakini siku hiyo Květa alikuwa ameshanong'onezana na Bohouš, mhudumu wao wa miaka mingi.

Zbyněk alipoinua tu glasi, Bohouš huyo, kamshika mkono.

"Samahani mkubwa, umekunywa kiasi gani?"

"Ndiyo kwanza naanza!"

"Haya. Na povu, limebaki?"

"Si unaliona?"

"Sioni mimi, nauliza. Bado ya baridi?"

Akaenda, akarudi. Kila glasi ilipokaribia midomo, swali. Bia ikawa vuguvugu, povu likafa. Zbyněk akapiga meza.

"Bohouš, una wazimu leo? Si uangalie glasi tu!"

Meza nzima ikaangua kicheko. Zbyněk akamgeukia Květa, masikio yamemwiva.

"Wewe mwanamke ni shetani."

"Mimi tena? Mimi nimekaa zangu, bosi."

Květa akageukia meza ya jirani kupokea pongezi, akasimulia mkasa mara mbili, hadi koo likamkauka. Glasi yake ilikuwa tupu. Bohouš akapita na trei iliyojaa, akapita tena.

"Bohouš! Na mimi je?"

"Si umefunika, dada?"

Akatazama. Kikadi kilikuwa kimetulia juu ya glasi yake, na Zbyněk alikuwa akikagua dari kwa utakatifu mkubwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Umekiweka wewe!"

"Nimekiweka mimi. Na kwenye ule ukurasa wako, dada Květa, nani anazuiwa kumwandikia mwenzake hali isiyo yake?"

Květa akakitazama tena kile kikadi. Hakuna aliyezuiwa. Mwaka mzima, na hilo hakuliona! Aibu ikamshika, na humo humo ndani ya aibu akaiona dawa: kila kompyuta pepe iwe na ukurasa wake, iuandike yenyewe tu, wengine wote wasome tu. Akaieleza kwa pupa, akichora mezani kwa kidole kilicholowa bia. Zbyněk alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo naipitisha," akasema. "Jumatatu irekebishe, iingie."

Květa alifurahi hadi machozi yakamlenga, akasingizia moshi wa jikoni. Akakitupa kile kikadi mbali, akaikumbatia glasi yake kwa mkono mmoja na kuifunika kwa kiganja cha mwingine, asije mtu akaichezea tena.

Bohouš akaja na trei, akaona glasi imefunikwa, akapita.