Kuku Mweupe wa Papa

Nikiwa mtoto kule Mugunga nilikatazwa mambo mengi na nikayafanya karibu yote, isipokuwa moja nililoliogopa mpaka nilipofika miaka tisa: kuinama shimoni. Shimo lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba yetu, bonde dogo kati ya mawe meusi ya volkano. Majani ya ukingoni yalikuwa mabichi, ya chini yamekauka hata wakati wa mvua. Ndani yake mlikuwa na mazuku. Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa. Kwa mwingine nitasema tu kwamba mazuku ni upepo mbaya unaotoka ardhini. Hauonekani, na usiku hewa ikitulia unajaa mabondeni mpaka jua lipande. Asubuhi tulikuta mle mijusi imelala chali, ndege, na mara moja mbwa wa jirani. Kabla sijazaliwa alikutwa mtoto.

Koko, mama yake mama yangu, alizaliwa upande wa Sake na aliuheshimu upepo ule kuliko alivyomheshimu shefu wa kijiji. "Kitu ikianguka mule, acha," alituambia. "Hata kama ni kiatu ya kuendea misa. Na mazuku ikishashika kitu, usiinyang'anye. Itakufuata mpaka nyumbani, ichukue ingine."

Papa alicheka. Alikuwa prof wa kemia kwenye shule ya sekondari, Mushi, yaani wa kabila la Bashi, kutoka Kabare, mtu wa misa ya kwanza kila Jumapili. Alimjibu mama mkwe wake kwa heshima, macho akiyapeleka pembeni jinsi mkwe anavyotakiwa: "Ni gazi, Mama. Iko nzito kuliko hewa, basi inakaa chini. Haina akili, haina hasira."

"Kama haina akili," Koko akasema, "mbona inachagua wafupi?"

Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa mfupi kuliko wote darasani, kwa hiyo swali lile nilitembea nalo siku nyingi.

Mwaka ule Papa akaingia kampanye ya udepite, kugombea kiti cha ubunge. Wagombea walikuwa wengi mpaka karatasi ya kura ilifunguliwa kama gazeti, na picha ya Papa mle ilikuwa ndogo kama ukucha, amevaa kravati ya kuazima. Alikuwa numero mia tatu na kumi na mbili. Niliiimba numero ile njiani, chooni, hata kanisani mpaka nikafinywa. Aliyekuwa na kiti wakati huo tulimwita Honorable tu, na hapa pia sitamwita vingine.

Kila mtu alikuwa na utabiri. Kwenye foleni ya maji wanawake waliigawa mitaa na kuigawa tena: Ndosho ya nani, Munigi watamfuata nani, watu wa kambi ya wakimbizi watapiga kura au hawatapiga. Muuza maandazi mmoja alisema yeye hesabu yake ni fupi: ameona fulana za Honorable zikifuta meza nyumba kwa nyumba, na mtu ambaye uso wake unafuta mchuzi hawezi kushinda. Tulicheka sana. Wanafunzi wa zamani wa Papa walikuwa kila mahali, waendesha pikipiki, manesi, wauza makala ya kupikia, na ilianza kuonekana kwamba mzaha ule si mzaha.

Ndipo akaja mwanaume mmoja tusiyemjua. Ilikuwa mchana, Mama anachambua maharage mlangoni, mimi nimekaa karibu naye. Alizima pikipiki, akasalimia vizuri kabisa.

"Mama, umwambie muzee ajiondoe kwa liste. Iko na batoto wazuri." Akaniangalia. "Weye uko darasa la ngapi?"

"La ine," nikasema.

Akanipa bonbon, pipi moja, akaondoka taratibu. Niliitia mdomoni. Mama akanirukia, akaniingiza kidole mpaka kooni, akaitoa, akaitupa, halafu akakaa chini kwenye maharage yake. Sijawahi kuogopa vile, na bado sikuelewa naogopa nini.

Mama alimlilia Papa siku tatu. Papa hakukasirika, lakini hakulegea. "Nikijiondoa, nitawaangalia wanafunzi wangu na macho gani?" Siku ya nne Koko akasema tuliulize shimo. Zamani, alisema, wakubwa wawili wakigombania kiti, kila mmoja alitoa kuku wake, wakafungwa mle jioni. Asubuhi, yule ambaye upepo umemwacha, bwana wake ndiye mwenye kiti.

Papa alianza kucheka, akaacha, akafikiri. Kisha akakubali. Alipokuwa anakata kamba alininong'oneza, maana aliona nimekodoa macho: "Faida, kamba sawa, mahali sawa, gazi sawa. Ama watakufa wote wawili, ama watapona wote. Hakuna mushindi. Koko atakuwa amejibiwa, na nyumba itatulia."

Lakini Mama hakutaka kunong'onezwa. Alitaka ahadi. Papa akaitoa mbele yetu sote: "Kuku yangu ikikufa na ile ya Honorable ikapona, kesho ninaandika barua ya kujiondoa. Neno langu." Mama akamwambia arudie. Akarudia.

Tuliwafunga jioni, upepo wa ziwa ukiwa bado unavuma. Wote wawili walikuwa kuku wetu: mweupe tukamfanya wa Papa, mwekundu wa Honorable. Papa alipigilia vijiti viwili katikati ya mteremko, akapima na rula ya shule ili wawe kwenye kimo kimoja. Koko hakushuka kwa sababu ya magoti. Tulikuwa watatu tu, Papa, Mama na mimi.

Hapa lazima niseme ukweli, kwa kuwa sasa mimi ni mtu mzima na sina wa kunifinya. Sikuwaza haki wala wanafunzi wala nchi. Rafiki yangu wa shule alikuwa ameniambia kwamba madepite wanaenda Kinshasa na ndege, wao na watoto wao. Nilitaka kupanda ndege. Ni hiyo tu. Kwa hamu hiyo niliamka kengele ya misa ya asubuhi ilipolia, nikatoka peke yangu kwenda kuangalia.

Kuku hawakuwa pale Papa alipowafunga. Mwekundu alikuwa juu ukingoni, anaparura majani, mzima. Mweupe alikuwa chini kabisa, kwenye majani makavu, amelala ubavu, bawa limefunguka, mdomo unafunguka na kufungika bila sauti. Nilijiambia: kumbe mazuku ina mikono. Imewahamisha yenyewe, imeshachagua. Nilitaka kukimbia nikamwamshe Koko, na miguu ilikuwa imeshageuka. Halafu nikakumbuka barua. Neno la Papa. Na ndege.

Nilivuta pumzi nikaibana, nikashuka. Fundo la kamba lilikuwa gumu, limezungushwa mara tatu, kucha zangu hazikuliweza. Niliinama. Nililofundishwa nisifanye tangu nimejua kutembea, nililifanya, nikashika kijiti chenyewe na mikono miwili, nikakitingisha mpaka kikatoka na kamba yake na fundo lake. Pumzi ikaniishia pale. Nikavuta moja tu. Ilinichoma puani jinsi Fanta inavyochoma ikikupalia, masikio yakalia, na magoti hayakuwa yangu tena. Sijui nilipandaje. Najua nilijikuta ukingoni natapika, kuku kwapani, na kuku akafungua jicho moja akanitazama.

Nilikipigilia kijiti chake hapohapo juu. Kisha nikang'oa kijiti cha mwekundu, nikamtupa chini pamoja na kijiti chake na jiwe la kukikandamiza. Alijaribu kupanda. Kamba ikanasa. Niliangalia mpaka akanyamaza, na hilo sijawahi kumwambia mtu yeyote mpaka ninapoliandika.

Papa hakwenda kuangalia. Alikuwa na mkutano Ndosho. "Mutaniletea majibu tu," alisema, akinywa chai amesimama. Wakaenda Mama na Koko, Koko akibaki ukingoni. Koko alirudi anaimba, kuku mweupe mikononi, yuko hai na mkali. Mama alibeba mwekundu kwa miguu, na uso wake ulikuwa umepauka. Nilidhani ni huruma ya kuku.

"Mumoja tu amekufa?" Papa akauliza. "Mumoja peke yake?"

"Mumoja," Koko akasema. "Wa Honorable."

Papa aliweka kikombe. Alimwangalia kuku yule kwa muda mrefu, akafungua mdomo kueleza, akakosa. Nilikuwa nimemwona akieleza kila kitu duniani, mvua, kutu, mwali wa volkano. Siku ile nilimwona prof wa kemia akimwamini kuku. Alitabasamu pole pole, akanyoosha mabega, akatoka bila hata kungoja mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa anamsindikiza kila siku tangu vile vitisho. Mama hakulia tena tangu asubuhi ile. Alimpigia shati pasi kila siku.

Mimi ndiye niliyeanza kuogopa. Nilikuwa nimeinyang'anya mazuku kitu ilichoshika, na Koko alikuwa amesema itakuja. Niliziba chini ya mlango na matambara. Nikahamia juu ya meza kulala, kwa kuwa nilijua inatembea chini. Mama aliponiuliza, nikasema nasikia joto. Nilinusa chakula cha Papa kabla hajala. Nilimfuata mpaka barabarani nikimwomba asipite mahali pa chini, na yeye akanibeba, akaniuliza kama ninataka awe depite anayepita angani. Nilisema ndiyo.

Kura zilipigwa. Asubuhi yake karatasi za matokeo zilibandikwa kwenye milango ya madarasa, na numero mia tatu na kumi na mbili iliongoza Mugunga, ikaongoza Ndosho. Watu walijaa uwanjani kwetu wakiimba. Kuku mweupe alifungwa kitambaa shingoni, akabebwa juu juu. Koko aliwaambia wote kwamba shimo lilikuwa limesema.

Siku ya tatu Papa aliweka nakala za karatasi zile kwenye serviete yake ya ngozi, mkoba wake wa kazi, akapanda pikipiki ya mwanafunzi wake wa zamani, kwenda kituo cha kuhesabia. Ilikuwa saa tisa ya mchana, barabara ya Sake imejaa watu. Wanaume wawili waliwasimamisha. Risasi zilikuwa mbili, walioona walisema, na zote kwa Papa. Serviete haikupatikana. Walimleta nyumbani amelazwa juu ya ubao wa duka, viatu vyake vya kampanye vikiwa bado vinang'aa.

Sikulia kwanza. Nilikwenda kumtafuta kuku. Nilimkamata jikoni, nikakimbia naye mpaka shimoni, nikamtupa chini kabisa, nikapiga kelele: "Chukua! Huyu hapa, chukua! Umurudishe Papa!"

Lakini ilikuwa mchana, na upepo wa ziwa ulikuwa umelisafisha shimo. Kuku alijitikisa manyoya, akadonoa majani makavu huku na huku, kisha akapanda jiwe kwa jiwe, akarudi nyumbani kabla yangu.

Baada ya majuma kadhaa Honorable alitangazwa mshindi. Koko alikufa akiamini kwamba shimo halikukosea, watu ndio walioiba.

Leo mimi ni nesi, naishi Mapendo, na Mama anaishi kwangu. Gazi ile naijua vizuri kuliko Papa; najua hata kwamba usiku ule ilikawia kujaa, ndiyo maana kuku mweupe alikuwa bado anapumua. Nimewahi kuwapokea watoto waliotolewa mabondeni. Nilidhani nimeshamaliza kuogopa. Kisha, kampanye ya mwisho, magari ya wagombea yakipita na muziki barabarani, tulikuwa tunanyonyoa kuku wa Noeli, mimi na Mama, na Mama akasema bila kuinua kichwa:

"Faida, ule kuku wa papa yako, nilimuhamisha mimi."

Mikono yangu ilisimama ndani ya manyoya.

"Jioni ile, mukiwa munakula. Nilimushusha chini kabisa, ule mwekundu nikamuweka juu. Nilitaka akufe, papa yako aandike barua. Nilimufunga na fundo yangu ya kuni, ile ya kuzungusha tatu. Asubuhi tulipofika, mweupe iko juu, na fundo yangu haijafunguliwa. Mutu gani angeshuka mule kabla ya jua? Nani?" Akang'oa unyoya, akautazama. "Nikajua ni Mungu. Amekataa ujanja yangu, anamutaka papa yako mwenyewe. Ndiyo maana niliacha kumuomba. Kama ningelijua ni mutu tu, Faida, ningelilala mulangoni, anikanyage ndiyo apite."

Nilifungua mdomo. Aliniangalia, macho yake yametulia kabisa, macho ya mtu aliyelia zamani akamaliza. Nikasema maji yamechemka.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyojua. Mama alimwokoa Papa jioni, na mimi nikamchukua asubuhi, kwa ajili ya ndege ambayo sijaipanda mpaka leo. Mazuku haikumfuata mtu yeyote. Ilikuwa gazi, imelala chini, haina akili, jinsi Papa alivyosema. Mwenye akili nilikuwa mimi.

Kila jioni Mama husali kwa sauti, na kabla ya kumaliza humshukuru Mungu kwa kuku yule, kwamba angalau alionyeshwa mapenzi Yake. Mimi niko upande wa pili wa ukuta. Nabana pumzi mpaka aseme amina.