Zamu ya Zaina

Harufu ya mkonge uliosagwa ni chachu na nzito, kama majani yaliyovundikwa ndani ya maji ya sabuni. Kwetu kambini, karibu na Ngombezi, tuliamka nayo na kulala nayo. Iliingia kwenye uji, ikakaa kwenye kanga za mama aliyeshinda juani akianika singa, nyuzi za mkonge, na kwenye mikono ya baba, ambaye kazi yake ilikuwa kulisha majani kwenye korona, mashine ya kusaga mkonge. Wageni waliziba pua. Sisi hatukuisikia mpaka tulipohama. Baba alizaliwa hapo hapo kambini, mtoto wa manamba aliyeletwa kutoka mbali kukata mkonge, na mama alikuwa Mzigua wa Handeni. Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto watatu: mimi Mwanaidi, kifungua mimba, kisha Rajabu, kisha Zaina aliyemfuata Rajabu kwa mwaka mmoja tu.

Ninaikumbuka likizo moja ndefu, nilipokuwa nangoja kuingia darasa la tano. Nafasi za darasa la kwanza zilikuwa chache, na walioweza kutambua herufi walichukuliwa kwanza. Rajabu alikuwa amerudishwa mwaka uliotangulia kwa sababu mkono wake, ukipitishwa juu ya kichwa, haukugusa sikio la upande wa pili. Sasa uligusa, na wa Zaina, aliyejaliwa mikono mirefu, uligusa pia. Baba akaamua waende wote wawili. Alitafuta boriti ya mkonge uliokwisha kuchanua, ambayo ikikauka huwa nyepesi kama kizibo, akakata vipande ishirini na vinne vya ukubwa wa kiberiti, na juu ya kila kipande akachoma herufi moja kwa msumari wa moto. Hatukuwahi kuwa na kitu cha kuchezea kilichotengenezwa kwa ajili yetu. Tulivinusa, tukavipanga, tukavipangua, na siku ile ya kwanza hata mimi mkubwa nilivigombania.

"Kila mmoja na zamu yake," mama aliniambia akijifunga kanga ya kazini. "Huyu akimaliza, mwenzake. Wewe ndiye mama yao mpaka nirudi."

Nikaweka utaratibu. Kivuli cha mlango kikifika kwenye ufa wa sakafu, Rajabu aliachia na Zaina akashika. Utaratibu huo ulidumu siku mbili. Rajabu hakupenda kuachia. Alipiga mayowe, akajigaragaza sakafuni, mpaka jirani yetu Mama Sikitu akaja kusimama mlangoni na mwiko mkononi. "We Mwanaidi, unawachinja watoto humo ndani?" Jioni alimsimulia mama, na mama, aliyekuwa amechoka, akanichapa mimi. Kesho yake nikapata njia nyepesi zaidi. Nilimwachia Rajabu vipande vyote kutwa nzima, kwa sababu Rajabu ndiye aliyelia, na Zaina hakulia. Nilimwambia, "Zaina, wewe una akili ya kikubwa, mwache mwenzako." Akajibu, "Haya, dada." Akaenda kukaa mbele ya kaka yake, wakitazamana, kwa sababu akikaa ubavuni Rajabu alimpiga kiwiko. Alikumbatia magoti yake, akawa anaangalia. Kila siku aliniuliza, "Zamu yangu lini?" nami nikamjibu, "Kesho." Baada ya muda akaacha kuuliza. Mama aliporudi alikuta kimya, akashusha pumzi, akasema, "Leo nyumba imetulia. Mungu akubariki, mwanangu." Nilipokea dua hiyo kila jioni, likizo nzima, na kila nilipoipokea nilijua si yangu.

Siku ya kuandikisha ilipofika, baba na mama walikuwa kazini, hivyo niliwapeleka mimi. Shule ilikuwa mbali, na tulifika tumejaa vumbi hadi magotini. Mwalimu alikuwa mzee mpole, kalamu ameichomeka sikioni. Alipima masikio ya wote, kisha akampa Rajabu kitabu. Rajabu akazitaja herufi moja baada ya nyingine kwa sauti kubwa, mwalimu akaandika jina lake. Kisha akampa Zaina. Zaina alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama kidogo, akakigeuza juu chini. Watoto waliokuwa kwenye foleni wakacheka kabla hajafungua mdomo. Mwalimu akakichukua, akakigeuza tena, akamwekea kidole juu ya herufi. "Hii ni nini, mama?" Zaina akainamisha kichwa polepole mpaka sikio likakaribia bega, akijaribu kuiona herufi ile kutoka upande alioujua. "Anasoma kama popo!" Rajabu akapiga kelele, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Mimi peke yangu nilielewa. Zaina alizijua herufi zote. Alikuwa amezisoma likizo nzima zikiwa zimepinduka, kwa sababu hakupewa hata siku moja nafasi ya kuzitazama kutoka upande wa Rajabu. Nilitakiwa kusema sentensi moja tu: mwalimu, mwache akigeuze. Lakini mwalimu angeuliza kwa nini, Rajabu angejibu, na mama angejua utulivu wa nyumba yake ulitoka wapi. Nilibana midomo. "Huyu bado," mwalimu akasema bila ubaya wowote. "Hata kitabu hajui kinashikwaje. Mleteni mwakani, Inshallah."

Njiani Zaina alinishika mkono. "Dada, mbona herufi zao zimesimama vibaya?" Nikamwambia anyamaze, tunachelewa. Nyumbani nikamwambia mama, "Mwalimu amesema Zaina bado mdogo." Mama akasema hakuna haraka. Mwakani haikufika. Mama mdogo wa Handeni alijifungua mapacha, na Zaina akapelekwa kumsaidia kuwalea kwa miezi michache. Miezi ile ikawa miaka. Aliolewa huko huko, hakuwahi kukaa kwenye dawati.

Nimezeeka sasa, naishi Korogwe ya zamani, na nina mengi ya kumshukuru Mola. Rajabu, Mungu amrehemu, alisoma akawa karani. Wanangu wamesoma. Wajukuu zangu wana herufi za plastiki za kila rangi, seti mbili, na mtoto akifikisha umri anaandikishwa shule, azijue herufi asizijue. Kwa miaka mingi nimewasomesha wanawake wenzangu dini, na nimewaambia bila kutetereka kwamba Mwenyezi Mungu husamehe yaliyo kati yako na Yeye, lakini haki ya mja mwenzako huisamehe mwenyewe uliyemdhulumu. Niliyasema hayo mwaka baada ya mwaka, na Handeni sikwenda kwa jambo hilo. Nilikwenda kwa harusi na misiba, nikala, nikarudi.

Mwaka jana, baada ya Ramadhani, nilikwenda. Nilimkuta Zaina uani akipepeta kunde. Nikamweleza yote, tangu vipande vya baba mpaka nilichomwambia mama. Hakuuacha ungo.

"Nilijua, dada. Nilikuwa mdogo, sikuwa mjinga."

"Mbona hukumwambia mama?"

"Nilikuwa nakungoja wewe useme."

Nikamwomba anisamehe. Akapuliza makapi, akacheka kicheko kikavu. "Nilishakusamehe zamani, nikasahau. Sasa umesafiri kutoka Korogwe kuja kunikumbusha?" Aliingia ndani, akatoka na kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne. Presha ilikuwa ikimsumbua, akasema, na mjukuu aliyekuwa akimsomea amekwenda shule ya bweni. "Hebu nitazamie. Walisema wameandika hapo siku ya kurudi. Nina wiki mbili sina dawa, naogopa kwenda siku isiyo yangu."

Nikavaa miwani.

"Jumanne," nikamwambia.

"Hii inayokuja?"

Ilikuwa Jumanne ya wiki mbili zilizopita.