Masuke Yaliyovikwa Nguo

Saa mbili asubuhi, kabla maua ya mpunga hayajafunguka, Nenden Rohaeti amezama hadi magotini kwenye tope la shamba la chuo, nje kidogo ya mji wa Cianjur, Indonesia. Mkono mmoja unashika suke, mwingine unalivika mfuko wa karatasi na kuubana.

"Mwalimu, huyu bi harusi wa ngapi leo?" anauliza Dadan, mwanafunzi wake.

"Wewe vika, acha mdomo. Chavua ya jirani ikiingia humo, mahari utalipa wewe."

Wanacheka. Mwaka jana hakuna aliyecheka.

Nenden ni mhadhiri wa sayansi ya mimea. Kwa misimu sita sasa anatafuta kitu kimoja: mpunga wenye harufu ya ule wa baba yake, lakini mfupi, usiolala upepo ukivuma. Wa baba ulilala kila msimu mpaka mzee akakata tamaa, akaacha kulima, akala mchele wa dukani hadi alipofariki.

"Hilo linaniuma mpaka leo," anasema.

Msimu uliopita shina moja tu lilikuwa na yote mawili. Aliyavika masuke yake, akaenda kusahihisha mitihani. Aliporudi, alikuta yamekatwa.

Aliyeyakata ni Bibi Icih, mkulima wa shamba la jirani, wala hakuiba. Kabla ya mavuno, wanawake wa hapa huchagua masuke mazuri, huyavalisha kitambaa kama maharusi na kuyatundika ghalani kwa heshima ya Nyi Pohaci, mama wa mpunga.

"Si mlikuwa mmeshayavika?" Bibi Icih bado anashangaa. "Nikasema, hee, hata wasomi siku hizi wana adabu! Nikawasaidia kuyapeleka ndani."

Yakishatundikwa hayashushwi mpaka siku ya kusia mbegu. Mkuu wa idara alitaka kumshtaki bibi kwa mwenyekiti wa kijiji. Nenden alikataa.

"Ningepata masuke, nikakosa jirani," anasema. Akasubiri, roho juu, akiwaza panya tu.

Siku ilipofika alikwenda na kahawa na ndizi, akakaa mkekani, akaomba. Bibi alimpa nusu. Nusu nyingine akaichanganya na mbegu zake, kama desturi inavyotaka.

"Nikamwambia, Bibi, hizo zitapotea humo! Akanijibu, 'Zitapoteaje, mwanangu? Shamba si liko hapo hapo?'"

Mpunga wa Bibi Icih ulitangulia kupandwa. Juzi upepo ulivuma, mpunga huo ukalala karibu wote. Mashina machache mafupi yamebaki wima katikati, na mtu anayaona akiwa barabarani.

Kama yamerithi na harufu bado haijajulikana, itajulikana chunguni. Ikiwepo, Nenden atazipanda mbegu za kwanza kwenye shamba la baba yake, lililogeuka pori tangu alipoacha kulima.

Sauti inatoka ng'ambo ya tuta.

"Nenden! Maharusi wako wamesimama huku peke yao. Unakuja kuwatunza, au nikate?"

"Usikate, Bibi! Nakuja!"

Anachukua mifuko ya karatasi, anapanda tuta. Kisha anageuka.

"Dadan, lete na kitambaa. Safari hii tunawavika wote wawili: wangu karatasi, wa Bibi kitambaa."