Namba Juu ya Gunia

Nimeishi miji mingi, kila mmoja kwa muda mfupi. Nilipomaliza kidato cha nne nilipanda treni, na kwa miaka mingi sikukaa mahali hata mwenye genge akakariri ninachonunua. Tabora nilipakia tumbaku. Mpanda nilishinda na mafundi wa pikipiki. Mbeya niliuza mitumba mpaka baridi ikanishinda. Mama alipougua nilirudi Kigoma, nikasema nitakaa hadi apone. Alipona, mimi nikabaki. Nadhani mtu anayependa kuondoka hupata nafuu akikaa mahali ambapo kila siku kuna kitu kinaondoka: boti, treni, basi la alfajiri.

Kazi niliyopata nayo ni ya kuondosha vitu. Ofisi yetu ya mizigo iko Mwanga, si mbali na soko. Ina mlango mmoja, kaunta ya mbao na mizani. Dagaa wakavu, samaki wa migebuka waliokaushwa na madumu ya mawese huja kwa boti kutoka vijiji vya ziwani, hushushwa Kibirizi, huletwa kwetu, nasi huvisafirisha kwa basi au treni kwenda Tabora, Dodoma na mbele zaidi. Mwenye ofisi ni mama wa Ujiji, wa ukoo uliofanya biashara tangu enzi za misafara. Hacheki ovyo. Siku moja alirudi kutoka kwenye semina ya wafanyabiashara, akaweka mkoba wake juu ya mizani na kuniita.

"Kuanzia leo wewe ndiye afisa wetu wa ulinzi wa taarifa binafsi."

"Afisa wa nini, bosi?"

"Taarifa. Majina ya watu, namba zao, wanakokaa. Kuna sheria sasa. Tumeambiwa ofisi iwe na mtu wa kuzilinda."

"Kwa nini mimi?"

"Simu yako haipoi. Anayeshinda kwenye simu mchana kutwa hakosi kujua mambo hayo."

Makuli waliokuwa mlangoni waliangua kicheko, na tangu siku hiyo sikuitwa tena jina langu. Nikawa Afisa. "Afisa, sogea nipite na dumu." "Afisa, linda na chai yangu basi."

Kazi yenyewe sikuijua. Mama yule alikuwa ameunganishwa huko semina na kundi la kwenye simu la watu wenye kazi kama hiyo nchi nzima, akanihamishia mimi nafasi yake. Niliingia kama mtu anayeingia msikitini katikati ya hotuba. Wengi walikuwa wanasheria wa mabenki, watu wa hospitali, wa vyuo, wa hoteli za pwani. Waliandika ujumbe mrefu wenye vifungu na vifungu vidogo. Kwa miezi kadhaa sikusema neno. Nilisoma tu, nikisubiri boti.

Lakini nilijifunza. Mtu akiuliza jambo asubuhi, kufikia mchana alikuwa amejibiwa na watu watano ambao hawajawahi kuonana. Wakati mwingine walibishana, na ubishi wao ndio ulionifundisha zaidi. Nilijua kwamba taarifa ya mtu haichukuliwi zaidi ya inavyohitajika. Nilijua kwamba picha haitumwi kundini ikiwa ina jina au namba ya mtu; aliyejisahau aliandikiwa mara moja, "Futa kwanza, tutasalimiana baadaye." Na niseme ukweli, kulikuwa na raha nyingine. Wengi walipenda kutuma ujumbe wa sauti, na nyuma ya sauti zao nilisikia miji. Mtu wa Tabora akieleza habari za ridhaa, mimi nilisikia honi ya treni nyuma yake na kujua amesimama upande gani wa mji. Wa Mbeya alipiga chafya, nikaikumbuka ile baridi.

Basi asubuhi moja akaja mfanyabiashara wa Ilagala. Nilimfahamu: mjane wa rika langu, mwenye mikono iliyochubuka kwa chumvi na jua, hodari wa dagaa kuliko wanaume wengi wa kule. Kwa kawaida aliingia akitania. Siku hiyo alisimama tu mbele ya kaunta.

"Mwakeye, dada," nikamsalimu kwa Kiha.

"Kaka, huu ndio mzigo wangu wa mwisho. Nauza chanja zangu za kuanikia, nakwenda kulima."

"Kuna nini?"

Akanionyesha gunia lake. Sote tuliandika namna moja, tangu nianze kazi na kabla yangu: jina la mwenye mzigo na namba yake ya simu, kwa kalamu nene ya makapeni, herufi kubwa zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Gunia lilisafiri hivyo kutoka Ilagala hadi Dodoma, na kila mwenye macho alisoma.

Kupigiwa simu na wanaume wasiojulikana alishazoea. "Dada, nimeona namba yako kwenye gunia, habari za ziwani?" Hao aliwajibu kwa utani, wakaacha. Lakini alikuwapo mmoja ambaye hakutaja jina. Alipiga siku za mzigo. "Leo umetuma magunia manne, umebarikiwa." Siku nyingine, "Wa Tabora wamepokea. Hela inaingia leo, eh? Usilale peke yako, mama." Kila mara alitumia laini mpya. Aliripoti polisi, wakaanza kufuatilia. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kijijini, na ndani alikuwa na watoto tu.

"Badilisha namba," alisema kuli mmoja.

"Nibadilishe? Wateja wangu wote wananijua kwa hii. Nikibadilisha si ni sawa na kuacha?" Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe wanakuita afisa wa ulinzi. Unalinda nini?"

Hakusema kwa dharau. Aliuliza kweli. Nilimwomba asiuze chanja kwanza, anipe muda.

Siku hiyo niliandika kundini kwa mara ya kwanza. Nilifuta mara nyingi kabla ya kutuma. Sikutaja kijiji wala mtu. Nilisema tu kwamba mteja wa ofisi ya mizigo anatishwa na mtu anayesoma namba yake juu ya magunia. Nilitegemea vifungu, na vifungu vilikuja. Ila mama mmoja wa hospitali aliandika swali moja fupi: "Nani hasa anahitaji kuisoma hiyo namba, na akiwa wapi?"

Nilikaa na swali hilo siku nzima, kisha nikalifuata gunia. Nilishuka Kibirizi, nikasimama boti ikishushwa. Mwenye boti hakuisoma namba. Aliwajua abiria wake kwa sura. Dereva wa bajaji hakuisoma. Konda wa basi alihesabu magunia tu. Aliyehitaji namba alikuwa mmoja, yule wakala wa kule mwisho anayempigia mwenye mzigo ukifika, na huyo tungeweza kumpa kwa simu. Nilimweleza hivyo mkubwa wa makuli, mzee mnene anayevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka.

"Na gunia likipasuka hapa," alisema, "nimpigie nani? Malaika?"

"Upige ofisini. Tutaandika namba ya ofisi."

"Halafu mtanishuku mimi ndiye ninayempigia mama wa watu."

"Hakuna aliyesema hivyo, mzee."

"Mnafikiria. Mimi nina wake wawili, nahangaika kupokea simu zao tu. Ilagala nikatafute nini?"

Wenzake walicheka, naye akacheka mwisho, lakini niliona limemuuma. Nilimhakikishia kwamba sitafuti mtu; nataka tu kusiwe na cha kusoma.

Nilirudi kundini na wazo la kumpa kila mteja alama yake, pengine kipande cha kitenge kinachoshonwa kwenye mdomo wa gunia. Mtu wa kampuni ya mabasi Mbeya alilikataa palepale. "Alama ikiwa moja siku zote, umempa jina jipya tu. Atalijua baada ya safari mbili." Akashauri tuandike namba ya ofisi na tarakimu zinazobadilika kila safari, na tuwaandikie hivyo wateja wote, maana gunia moja lisilo na jina kati ya yenye majina litaonekana kuliko yote. Mwanasheria aliyezoea kuandika vifungu aliongeza, kwa maneno manne, "Huyu ndugu amesema kweli."

Bosi wangu hakupenda. Alisema wateja wengine hawajalalamika, na watu wanapenda kuona majina yao. Sikubishana. Nilimwekea ujumbe wa sauti wa yule mama wa hospitali, aliyekuwa akieleza namna ambavyo wao pia waliacha kuita majina ya wagonjwa kwa sauti kwenye foleni, na jinsi wagonjwa walivyonung'unika mwanzoni kisha wakazoea. Aliusikiliza wote, akaurudia.

"Anaongea taratibu," alisema. "Haya. Jaribu."

Safari ya kwanza mambo yakaharibika. Yule dada alituma magunia matatu Tabora, yakafika mawili. Alinipigia akiwa Ilagala, sauti juu.

"Afisa! Umelificha jina langu mpaka na gunia umelificha!"

Nilipiga kwa wakala wetu Tabora. Alisema hajaona gunia la mtu huyo, maana alikuwa bado anatafuta jina. Nilimsomea tarakimu, akasema atatazama, akakata. Nilijua hatatazama; ilikuwa siku ya mnada, naye amezongwa na wateja. Nikaandika kundini, tena bila kutaja mtu: je, kuna aliye karibu na stendi ya Tabora? Gunia la buluu, limeshonwa mdomoni kwa uzi wa rangi ya chungwa, tarakimu zake hizi.

Alijibu yule ambaye nilizoea kusikia treni nyuma yake. Sijawahi kumwona mpaka leo. Alisema anatoka kazini sasa hivi, atapita. Nilimsubiri huku nimeshika simu mkononi, sipimi mizigo, bosi ananitazama. Baadaye ikaja picha. Gunia la buluu lilikuwa limesukumwa kwenye rundo la ofisi nyingine, pembeni ya magunia ya watu wengine yenye majina na namba. Juu ya majina hayo yule bwana alikuwa ametandaza leso yake, na pale leso ilipoishia ameziba kwa kiganja. Kilichosomeka kwenye picha nzima ni tarakimu zetu tu.

Kwenye sauti yake nilisikia kelele za stendi, wauza karanga, mtu akigombana na konda. "Ndugu yangu wa Kigoma, mzigo huu hapa, nimemkabidhi wakala wenu mkononi. Dagaa wananukia, nimetamani kufungua." Nilimshukuru, na kwa muda nilitamani sana kuwa Tabora.

Nilimpigia yule dada. Nilipomweleza jinsi gunia lilivyopatikana, akauliza, "Huyo mtu amejua ni la nani?"

"Hajajua."

"Na amekwenda hivyohivyo?"

"Amekwenda hivyohivyo."

Tuliendelea. Makuli walizoea tarakimu upesi kuliko wateja. Wengine walilalamika kweli, mmoja akasema anajisikia kama mfungwa. Nami sikumdanganya yule dada: namba yake mtu yule alikuwa nayo tayari, na hakuna awezaye kuifuta kichwani mwake. Tulichoweza ni kumnyima habari mpya. Kwa majuma kadhaa alipokuja alitikisa kichwa kwamba bado anapigiwa. Chanja hakuwa ameuza, lakini hakuwa ametengeneza hata zilizovunjika.

Kisha siku moja aliingia anacheka kabla hajafika kaunta. Nyuma yake makuli walikuwa wanashusha magunia yake matano.

"Amepiga jana," alisema, akajishika pua kuiga sauti ya mwanaume. "'Mama, mbona kimya siku hizi? Umeacha dagaa?'"

"Ukamwambia nini?" mkubwa wa makuli aliuliza, gunia likiwa bado mgongoni.

"Nimemwambia nimeacha, baba. Biashara imekufa, nalima mihogo."

"Naye?"

"Amenipa pole!" Alicheka mpaka akakalia mzigo wake mwenyewe. "Eti, 'Pole sana mama, Mungu atakusaidia.' Na hapo nilikuwa nashona la tano, sindano ya shazia mkononi!"

Mkubwa wa makuli alitua gunia, akavua kofia, akafuta jasho. "Sasa mmeona si mimi," alisema. "Mimi naubeba mzigo wake kila safari. Ningemuulizaje kama ameacha dagaa?"

Niliandika tarakimu za safari hiyo, moja baada ya nyingine. Yule dada alisimama akinitazama mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza ni duka gani hapa Mwanga linauza mbao nzuri, kwa sababu alitaka kuongeza chanja kabla ya giza la mwezi, dagaa watakapovuliwa tena.