Nta Isiyo na Mwenyewe

Kazi yangu katika bohari ya nta pale Tabora ilikuwa kushuku. Warina asali walileta mikate ya nta vichwani au kwenye baiskeli, nami naipasua kwa shoka kabla haijapanda mizani, nione kama mtu kaficha jiwe katikati. Kwa tabia mimi si mtu wa kushuku. Shule niliishia darasa la nne, lakini ndoto nilikuwa nazo kupita darasa langu: kila mkate wa nta niliuona tayari ni mshumaa unawaka katika kanisa la Ulaya, na mimi nimekaa benchi la mbele, nimevaa koti. Wenzangu wa bohari walinicheka. "Pasua nta, bwana harusi," walisema. "Ulaya itakungoja."

Mrina asali wa kwetu haachi nta yake ipimwe yeye hayupo. Huichora kwa kisu alama ile ile aliyoichora kwenye mzinga wake, halafu husimama karibu na mizani kama mzazi anayemsindikiza mwanawe kwa mganga. Nikipasua nisione kitu, hunitukana. "Umepata jiwe? Hukupata. Basi omba radhi!" Ndiyo ilikuwa raha ya kazi.

Lakini kulikuwa na nta ya wakala mmoja wa kampuni yetu, kutoka pori la kusini ya Urambo. Hiyo ililetwa na lori la kampuni, laini kama yai, haina alama ya mtu yeyote, na hakuna aliyeifuata. Nilipasua mkate baada ya mkate. Safi. Kadiri nilivyoikuta safi ndivyo roho ilivyozidi kukataa.

Tena alikuwapo mama mmoja aliyekuja kila siku ya lori, akakaa kwenye ngazi za bohari. Mumewe, ambaye jina lake alikuwa amenitajia, aliwafuata watu wa wakala yule masika mawili yaliyopita, akaaga kwamba atarudi kabla ya kupanda mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Lori limeleta watu?"

"Limeleta nta tu, mama."

"Nta haijipiki," alisema, akajifunga kanga yake akaondoka.

Siku moja ikaja barua kutoka Ulaya. Bwana mkubwa wa kampuni akanipa niipeleke kwa mawakala, niwasomee kwa Kiswahili, nao watie sahihi. Ilisema kampuni haitanunua nta iliyopikwa na mtu aliyezuiliwa kazini bila hiari yake. Nikafurahi, nikaona mambo yamekwisha. Barua kutoka Ulaya! Nikapanda treni hadi Urambo, kifua mbele.

Wakala alinikaribisha chai. Sikuwa nimefika nusu ya kusoma, ameshachukua kalamu.

"Sijafika mwisho, mzee."

"Mwisho naujua. Kunywa chai, kijana."

Sijapata kumwona mtu akisaini upesi namna ile jambo ambalo hajalisikia. Chai ikanipoea mkononi. Nikamwambia ningependa kuiona kambi.

"Njia mbaya."

"Lori letu hupita."

"Huko kuna ndui."

"Nimechanjwa, mzee."

Akacheka. Nami nikacheka. Kati yetu hapakuwa na aliyechekeshwa.

Kesho yake asubuhi nilikwenda na lori. Kambini palikuwa na mapipa matano juu ya moto, masega yanachemka, na wanaume wanakoroga. Hapakuwa na ua, wala kamba, wala bunduki. Ila hakuna aliyenisalimu. Huku kwetu hata mwenye msiba humsalimu mgeni. Nilitazama pori lililo wazi pande zote nikajiuliza, watu hawa wameshikwa na nini?

Mmoja alikuwa na mguu uliovimba. Nikajifanya nanusa nta, nikasogea karibu. "Baba, kwa nini huendi nyumbani?"

Hakuinua kichwa. Aliangalia tu upande wa nyapara, ambaye alikuwa ameketi juu ya debe la biskuti kivulini.

"Karatasi zetu za kodi zimo humo anapokalia," alisema, midomo haitikisiki. "Alizichukua ili zisilowe na mvua. Ukishikwa barabarani huna karatasi, ni jela."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kamba.

Nyapara yule alikuwa Mgogo, na mimi ni Mnyamwezi. Tangu babu zetu wavuke Ugogo na mizigo ya misafara, sisi ni watani. Mtani anaweza kukuvua kofia kichwani au kukuepulia kuku jikoni, na ukikasirika umejiaibisha wewe na ukoo wako. Mdomo ukanifunguka.

"Wewe Mgogo! Babu yangu alitoa shanga kwa maji ya kisima cha babu yako, na maji yenyewe yalikuwa ya chumvi!"

Akageuka. "Na aliyanywa kwa magoti, mbeba mizigo wee! Mpaka leo bega la ukoo wenu limekwenda upande!"

Wakorogaji wakacheka.

"Basi leo nachukua fidia ya chumvi," nikasema, nikalivuta debe chini yake. Akaanguka matako chini, miguu juu.

Kicheko kikakatika. Alikuwa na fimbo, na mwili wake ulikuwa mara mbili ya wangu. Aliwatazama watu wale, nao wanamtazama, wanangoja waone kama ataivunja heshima ya utani. Akacheka, lakini kwa kuchelewa.

"Haya, chukua, mtani. Nitakuja kumchukua mkeo."

"Sina mke."

"Nitangoja uoe."

Mpaka leo kicheko kile nakishuku. Sijui kama alishindwa na mila, au alikuwa amechoka kukalia debe lile na akapata pa kutokea.

Nililifungua debe, nikasoma majina ya kwenye karatasi moja moja. Mtu akipokea karatasi yake anaitazama pande zote mbili, kisha anaingia porini, wengine hata bila kuipua pipa. Wa mwisho alikuwa yule wa mguu, na nilipolisoma jina lake nikajua ndiye mume wa mama wa kwenye ngazi.

"Baba, mkeo anakungoja bohari. Panda lori twende."

Alikunja karatasi, akaichomeka kiunoni. "Lori la nani?"

"La kampuni."

"Na nta hii hununuliwa na nani?"

"Na sisi."

"Basi mwenye kambi ni wewe."

Nikamweleza habari ya barua ya Ulaya. Akaniuliza kama wakala alitia sahihi. Nikasema alitia. Akatema mate.

Alisema atatembea, na mguu ule. Dereva akapiga honi, "Panda wewe, jua linayeyusha nta!" Nikamwambia atangulie.

Siku sita tulifuata njia ya zamani, ile ya misafara ya Ujiji. Alinitanguliza mbele ili aione mikono yangu. Viazi hakula mpaka nimeze mimi kwanza. Askari wa boma alipotusimamisha, nilinyoosha mkono nimsaidie mwenzangu kutoa karatasi yake, mwenzangu akanipiga kofi vidoleni. Nikaanza kumsimulia mishumaa na makanisa ya Ulaya, apate kuusahau mguu.

"Unaongea sana," alisema, "kama mtu mwenye la kuficha."

Mjini tulifika adhuhuri. Bohari ilipoanza kuonekana akasimama. Harufu ya nta ilitufikia pale pale barabarani.

"Nenda kamwite," akasema. "Mimi humo siingii."

Ilikuwa siku ya lori; nilimkuta pale ngazini, nikamwita. Yule mama alinipita akashika barabara. Alipomfikia mumewe hakulia. Aliinama kwanza akaushika mguu, kisha akampa bega amwegemee. Mimi nimesimama pembeni, natabasamu mwenyewe, nangoja shukrani, sitaficha.

Mama akanigeukia. "Na wengine wa huko je?"

"Wana karatasi zao, mama."

"Sikuulizia karatasi."

Sikujua hata mmoja kama amefika kwake. Wakaondoka polepole, wakipita upande wa pili wa barabara, mbali na mlango wetu.