Lumbesa ya Kurasa Mia Nne na Kumi na Mbili

Cheptanui alikuwa Daktari kwa miaka mitatu kamili kabla ya mtu yeyote kusoma alichoandika. Wasimamizi wake walitia sahihi, ni kweli, lakini mmoja wao aliandika "fafanua zaidi" kwenye ukurasa ambao kwa bahati mbaya ulikuwa mtupu. Tasnifu ilikuwa na jalada jekundu na herufi za dhahabu. Siku ilipoingia nyumbani kwao Kuresoi, mama yake aliipandisha moja kwa moja kwenye mizani ya viazi.

"Kilo mbili na nusu," mama akasoma mshale. "Kwa miaka sita? Heri ungepanda."

Tasnifu yenyewe ilihusu lumbesa. Kwa aliyebahatika kula viazi bila kuvilima, lumbesa ni hivi: gunia la broka, yule dalali wa mazao, likijaa, halijajaa. Linashonewa wavu mdomoni, viazi vinaendelea kumiminwa, mpaka gunia linavaa kofia. Mkulima naye anahesabiwa gunia moja. Sheria inasema kilo hamsini, lakini kofia haijui kusoma. Baada ya kurasa mia nne na kumi na mbili, Cheptanui alikuwa amegundua kwamba dawa yake ni mizani.

Alichotaka sasa ni kimoja tu: utafiti ule uwe kitabu, na kitabu kiwe kwenye kaunta za agroveti, yale maduka ya pembejeo ya Kuresoi, kabla malori ya mavuno hayajafika. Malori yalibakiza wiki tatu. Akashuka Nakuru kwa Hemali.

Hemali anaendesha mtambo wa uchapaji aliourithi kwa babu yake, mzee Dhirajlal. Huchapa vijitabu vya wakulima: kuku, nyuki, ng'ombe wa maziwa. Vyote vina kurasa tisini na sita na vyote vinaingia mfukoni. Aliinua tasnifu kwa mikono miwili.

"Daktari, hii ni kitabu ama ni tofali?"

"Ni utafiti, madam. Juu ya lumbesa."

Hemali alicheka mpaka miwani ikatumbukia kwenye gundi. "Yaani umeandika kurasa mia nne kulaani lumbesa, halafu umeniletea lumbesa! Na kofia juu!" Akaiopoa miwani, akaipangusa kwa kadi ya harusi ya watu. "Tisini na sita. Ijumaa ijayo. Ikipita hapo, mashine inaanza kalenda, na Januari haingoji mtu."

Cheptanui alijifungia chumbani siku tatu akipunguza. Jumanne akahesabu: mia nne na kumi na tisa. Alikuwa ameongeza dibaji ya kueleza kwa nini anapunguza.

Jumatano alipanda Kuresoi kwenda kulia kwa mama, kama msomi yeyote. Alimkuta ghalani na Nasimiyu, mama mshonaji anayekodiwa na kijiji kizima kurekebisha magunia, na mavuno yakifika anakodiwa na mabroka haohao kushona kofia. Nasimiyu alisikiliza shida yote huku akiziba gunia lililopasuka.

"Soma," alisema bila kuinua kichwa. "Sindano yangu ikisimama, hiyo weka. Isiposimama, tupa huko."

Huko kulikuwa na gunia tupu.

Cheptanui akaanza, akitafsiri Kiingereza kwa Kiswahili papo hapo. Sura ya kwanza, sindano ilipita kama treni. Sura ya pili, ile ya kupitia maandishi ya wengine, Nasimiyu alimaliza magunia manne na akaomba uzi mwingine.

"Anti, hapo kuna wasomi themanini na watatu!"

"Wakaribishe ndani. Nafasi bado iko."

Sura ya nne: "Mhojiwa wa thelathini na moja aliashiria mfadhaiko wa kihisia miongoni mwa wazalishaji wadogo." Sindano ikapita.

"Huyo anaumwa wapi?" aliuliza mama.

Kufikia Alhamisi gunia lilikuwa limejaa na mikononi mwa Daktari hamna kitu. Kilichobaki ni viambatisho, ile mikia ya tasnifu ambayo hata aliyeiandika huiruka. Humo alikuwa amenakili mahojiano neno kwa neno. Akasoma kwa sauti ya mtu aliyeshindwa:

"'Gunia la kawaida, sindano inapita mara kumi na mbili. Lumbesa, inapita mara thelathini, na mwenye viazi anaangalia kando kama mtoto anadungwa.'"

Sindano ilikuwa imesimama hewani.

"Nani amesema hivyo?"

"Mhojiwa wa thelathini na moja. Jina ni siri, anti. Ni maadili ya utafiti."

"Siri gani na ni mimi! Nilikuambia nikiwa hapahapa, mbwa ya jirani Kiprotich ikikubwekea! Kwani mimi ni gunia unipige nambari?" Akanyakua kalamu nene ya kuandikia magunia na kutia jina lake juu ya ukurasa: NASIMIYU. "Hiyo ruhusa inatosha ama niongeze baba yangu?"

Mama naye alikuwa ameshachungulia karatasi. "Na huyu wa kwanza, 'mwanamke wa makamo, kiwango cha elimu cha chini', ni nani?"

Daktari aliangalia kando kama mtoto anadungwa.

Habari ilitoka ghalani mbio. Kufikia saa kumi wahojiwa walikuwa foleni mlangoni wakidai majina yao. Kiprotich alitaka kusahihisha jibu lake. "Nilisema lumbesa ni mbaya sana? Ongeza sana moja."

Ijumaa, kule Nakuru, Hemali alihesabu kurasa za mahojiano kwa kidole kilicholowa mate. Alisoma, akaguna, akacheka, akasahau kuhesabu, akaanza upya.

"Tisini na saba. Moja imezidi."

Cheptanui aligeuza zote. Kila ukurasa ulikuwa na mtu, na kila mtu alikuwa na kalamu nene. Wa mwisho tu ndio uliokuwa wake: shahada zote tatu, na picha yake siku ya mahafali, kofia bapa kichwani na kishada kinaning'inia. Aliitazama ile kofia kwa muda. Halafu akaanza kucheka peke yake.

"Kata kofia," akasema.

Safari hii Hemali aliwahi kushika miwani.

Vijitabu vilifika Kuresoi siku mbili kabla ya lori la kwanza. Mama alikiweka kimoja kwenye mizani, mshale haukutikisika. "Sasa umesoma," alimwambia bintiye, akakitia mfukoni mwa aproni. Lori lilipofika, akaikokota mizani hadi getini, ambako broka alikuwa tayari juu ya lori anakunjua nyavu na kuita mshonaji.

Mshonaji alikuwa ameketi juu ya gunia, sindano kwenye kola, kitabu wazi mapajani.

"Boss, shuka kwanza," alisema Nasimiyu. "Ukurasa wa kumi na mbili ni wangu. Nikusomee ama utajisomea?"